Lulu Ukingoni mwa Kidonda

Ukimpelekea kidonda, hakuangalia katikati, pale ambapo macho ya wengine wote yalikimbilia. Aliangalia ukingo. Alibandika jichoni kile kioo kidogo cha mafundi saa, akainama mpaka pua yake ikakaribia kugusa mguu wa mtu, akakizunguka kidonda chote polepole kama anayesoma barua ya mtoto wake aliye mbali. Kisha alisema neno moja kati ya mawili: "Inatembea," au "Imelala." Kama inatembea, ulipewa chai. Kama imelala, ulitukanwa.

Mtaa mzima wa Buyenzi, mjini Bujumbura, ulimwita Mama Muforoma, yaani mama muuguzi, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Alizaliwa wapi na kwa watu gani, sikuwahi kumuuliza. Katika miaka ile ya vita aliweka sheria moja mlangoni kwake: "Hapa unasema inauma wapi. Usiseme umetoka wapi." Niliifuata sheria hiyo hata juu yake mwenyewe.

Alifanyia kazi kwenye chumba cha uani, nyuma ya nyumba yake. Palikuwa na benchi refu la mbao, mbabula moja ya makaa isiyozimwa mchana kutwa, na sufuria tatu ambazo hakuna aliyeruhusiwa kupikia chakula. Alikuwa amestaafu hospitali. Kazi yenyewe alijifunzia kwenye hospitali ya misheni huko milimani, na kila alipoitaja alinyoosha mgongo. Ukimwita daktari aligeuka kutafuta daktari yuko wapi. Hakupenda kuona kuku akichinjwa. Mtu huyu aliyeweza kusafisha mguu uliooza huku akiimba aliingia ndani na kujiziba masikio kila Idi, mpaka jirani ammalizie kazi.

Mimi nilifika kwake na mguu mmoja uliokuwa karibu kukatwa.

Maisha yangu yote nimeishi kwa miguu. Shule niliiacha mapema, si kwa ujinga, ila sikuweza kukaa. Dirisha lilikuwa na mambo mengi kuliko ubao. Nikabeba magunia bandarini, nikauza sigara moja moja Nyakabiga, nikapakia mchanga Ruziba, nikavuka mpaka kwenda Uvira na kurudi bila sababu nyingine ila kuona. Ruziba ndiko bati lilikonichana muundi. Mkwaruzo tu. Nilifanya walivyofanya watu wote: nikanunua kapsuli ya rangi mbili, nikaifungua, nikamwaga unga wake juu ya kidonda, nikaacha jua likaushe. Gaga likafanyika, nikafurahi. Gaga likabanduka, kidonda kikawa kikubwa kuliko jana. Nikamwaga kapsuli nyingine. Hivyo mwaka ukapita na zaidi, mpaka kidonda kikawa upana wa kiganja. Daktari mmoja akaniambia kwa upole kwamba kikigusa mfupa, mguu utabidi ukatwe chini ya goti. Sikulala siku nyingi. Mtu mwingine akipoteza mguu hubaki fundi au karani. Mimi ningebaki nini?

Mama Muforoma aliutazama ule unga mweupe uliogandiana na usaha.

"Nani alikuambia kidonda inakunywa kapsuli?"

"Mama, nilitaka ikauke."

"Ikauke?" Akawageukia wagonjwa wengine waliokaa kwenye benchi. "Mumusikie. Anataka ikauke. We ni ndagala? Tukuanike juu ya mawe kule ziwani?"

Benchi zima likacheka, hata mzee aliyeungua mgongo, ambaye kucheka kulimuuma. Tangu siku ile jina langu pale likawa Ndagala, yaani dagaa.

Siku hiyo hiyo alisema kwamba shida yangu ni "tisu". Mjini kwetu tisu ni kitambaa, kitu cha kumpelekea fundi cherehani, kwa hiyo nilimjibu kwamba suruali nyingine ninayo nyumbani. Alinitazama muda mrefu ili ajue kama namfanyia mzaha. Alipoona sifanyi mzaha, uso wake ulibadilika. Nadhani ndipo aliponipenda. Watu wengi walimjia na vidonda. Wachache walimjia na ujinga ulio wazi kama wangu, ujinga unaouliza.

"Kaa," akasema. "Nakuonyesha tisu ya mwili."

Aliniparua mkono kwa ukucha, akanipa kile kioo. Niliona vumbi jeupe, vipande bapa kama magamba.

"Hizo ni maiti zako. Chini kule kuna mama zao, wamekaa juu ya mukeka mwembamba sana. Wanazaa. Watoto wanasukumwa juu, wanakuwa bapa, wanakufa, wanapangana kama pave za barabara. Ukigusa mutu, unagusa maiti. Na hizo maiti ndizo zinazuia uchafu usiingie na maji yako isitoke."

Barabara nyingi za Bujumbura zimetandikwa pave, mawe yaliyochongwa na kubanana bila nafasi. Nilikuwa nimezikanyaga maisha yangu yote. Sikujua kwamba na mimi nimetandikwa.

Jina lenyewe la tishu hiyo alilitamka kwa Kifaransa na kwa heshima, epiteliumu, kama mtu anayemtaja mkwe wake. Alisema ina mambo mawili ya ajabu. La kwanza, haina mshipa wa damu hata mmoja. "Inakula kwa jirani wa chini. Jirani akifa, na yeye anakufa njaa." Ndiyo maana hakugusa mguu wangu kwa ufundi wowote mpaka sakafu ya kidonda ilipokuwa nyekundu, safi, yenye kutoa damu kwa kuguswa. La pili ndilo lililonishika mimi.

"Zinashikana bega kwa bega. Ile iliyo pembeni ikisikia upande moja hakuna mutu, inaanza kutembea. Inatembea, inatembea, mpaka iguse mwenzake anayetoka upande ile ingine. Zikigusana, zinasimama. Zinatulia. Lakini zinatembea kwenye maji. We ulizipa jangwa."

Nilikuwa na miaka ishirini na saba na hakuna mtu aliyewahi kunieleza kitu kilichonifanana kiasi kile.

Sitaki msomaji afikiri alikuwa malaika. Alikuwa na kinyongo. Alidanganya kwenye karata na akikamatwa alisema ni macho. Alihubiri utulivu wakati yeye mwenyewe hakukaa chini hata kunywa chai; aliinywa akitembea, akimwagika. Na alipaka krema ya kujichubua. Uso wake ulikuwa rangi ya chai ya maziwa na mikono yake rangi ya kahawa, na kati ya hivyo viwili kulikuwa na shingo isiyojua ifuate upande gani.

Mtu mwingine angenyamaza. Mimi nikauliza, "Mama, ile krema inafanya nini kwa pave za juu?"

Akaninyooshea kidole mlangoni.

"Toka."

"Mama, nauliza tu."

"Uso ni yangu. Kidonda ni ya watu. Toka, Ndagala!"

Alinifukuza siku mbili. Siku ya tatu alinifunga kitambaa kipya, akakikaza zaidi kidogo kuliko kawaida.

Ilikuwa miaka ya embargo, nchi za jirani zilipotufungia mipaka. Shashi haikupatikana, wala ile yenye mafuta isiyoshika kwenye kidonda. Mama Muforoma hakulalamika. Alikata majani machanga ya mgomba, akayachemsha kwenye sufuria zake, akayalaza juu ya nyama mbichi. Hayakushika. "Na mugomba ina ngozi yake," alisema, "laini, haipitishi maji. Inajua kazi." Shuka kuukuu alizichana na kuzichemsha mpaka zikawa nyeupe kuliko siku ziliponunuliwa. Alifurahi kila alipoishinda shida namna hiyo. Aliinua jani juu kama anayeonyesha kombe.

Sakafu ya kidonda changu ilipokuwa tayari, aliniambia ukingo peke yake hautafika katikati. Safari ilikuwa ndefu mno. Ingebidi apande mbegu. Alinipiga sindano ya ganzi pajani, akainua ngozi kidogo kwa ncha ya sindano nyingine, akakata kwa wembe. Kipande kama punje ya dengu. Akakilaza juu ya kidonda. Kingine. Kingine. Kumi na tisa. Kila kimoja, alisema, ni kisiwa, na kila kisiwa kitatembea pande zote. Akafunika kwa jani, akafunga.

"Siku tano haushuki kwenye hii benchi. Siku mbili za kwanza haina hata mizizi, inakunywa tu kama spongi. Ukitembea, inateleza. Umesikia?"

Nilisikia. Siku ya tatu alasiri mtu akapita nje akipiga kelele kwamba kiboko ametoka ziwani na anakula majani karibu kabisa na barabara, mkubwa ambaye hajawahi kuonekana. Mama Muforoma alikuwa sokoni. Nilijiambia nitaenda na kurudi.

Alipofungua kitambaa, vipande vyote kumi na tisa vilikuwa vimegandamana kwenye jani, vyeupe kama wali uliomwagika. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali.

"Ulienda kuona kiboko."

"Ndiyo, Mama."

"Ilikuwa mukubwa?"

"Mukubwa sana, Mama."

"Ina ngozi nzuri, eh?"

"Nzito, Mama."

"Basi uende umuombe yeye. Mi sina ingine."

Nililia pale mbele ya watu, mtu mzima. Sikulilia maumivu. Nililia kwa sababu nilikuwa nimejijua: miguu yangu ndiyo iliyokuwa ikiniua mguu.

Wiki mbili alinisafisha tu. Nilifikiri amenikatia tamaa. Kumbe alikuwa akifikiri juu yangu, kama fundi anavyolifikiria kufuli gumu. Asubuhi moja ya Ramadhani aliniita, akanionyesha daftari la shule na wembe uliochemshwa.

"Nilikosea," akasema. Sikuwahi kumsikia akilisema neno hilo, wala sikulisikia tena. "Nilikuambia ukae. We hauwezi kukaa. Basi tutatembea, lakini ndani. Kila siku nakupeleka fasi moja ya mwili. Unaandika. Ukishuka hapa, safari inakatika, na haujui mwisho wake."

Akapanda upya vipande kumi na tisa, akafunga. Hivyo ndivyo nilivyosafiri safari ndefu kuliko zote nilizowahi kufanya, nikiwa nimelala chali na mguu juu ya mto.

Siku ya kwanza tulipita mdomoni, penye pave tena, lakini mbichi, zenye unyevu, za kuvumilia mifupa ya samaki. Siku ya pili tukashuka bomba la pumzi, ambako chembe hai zimesimama ndefu kama chupa kwenye kreti, kila moja na vinywele kichwani, na vinywele vyote vinafagia kuelekea juu, usiku na mchana, vikipandisha vumbi na makohozi. Siku ya tatu utumbo, ambako zinanyonya chakula kwa nyuzi nyingi ndogo kama taulo, na katikati yao nyingine zinatoa ute ili njia isikwaruzike. Hapo akanipa jambo lililoniacha mdomo wazi: chakula kilicho tumboni, kwa kweli, bado kiko nje. "Ngozi haikatiki popote. Inaingia kwa mudomo, inageuka, inatokea chini. We ni bomba, Ndagala. Chakula inaingia kwako siku epiteliumu ikiikubali. Yeye ndiye mwenye mulango." Tulipita na figo, vijibomba vilivyojengwa kwa chembe za mraba kama sukari ya vipande, zinazopima chumvi gani irudi na gani iende.

Alifundisha akiwa amefunga, midomo imemkauka. "Leo tumefunga wote wawili," alisema huku akiutazama mguu wangu. "Mi nafunga ramadhani. Kidonda inajifunga. Watu wanafikiri mi ndiye nafunga kidonda. Mi nafunga kitambaa tu."

Siku ya nne, saa nne asubuhi, risasi zilianza. Siku nyingi tulizisikia kwa mbali, kutoka milimani, na watu waliendelea kupepeta mchele. Hizi zilikuwa karibu, na nyuma yake ikaja ile sauti ambayo kila aliyeishi mjini kwetu miaka ile anaijua: malapa ya watu wengi yakikimbia kwa pamoja juu ya mawe. Benchi likabaki na mimi tu. Nikaamka. Mguu wangu mzima, ule usio na kidonda, ulikuwa tayari uko chini.

Mama Muforoma akaja akaketi. Aliketi juu ya ule mguu mzima, kwa uzito wake wote, na uzito haukuwa mdogo. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona amekaa.

"Mama, wanakuya!"

"Ukikimbia, ngozi inabaki hapa."

"Na tukikufa?"

"Tutakufa na ngozi." Akafungua daftari langu magotini mwake. Alikuwa amelishika kichwa chini, nikajua na yeye anaogopa. "Tulikuwa wapi?"

"Mama, tafadhali."

"Tulikuwa wapi, Ndagala?"

"Kwenye kibofu, Mama."

"Vizuri. Basi jikaze, usikojoe."

Nikacheka. Risasi zinalia na mimi nacheka, machozi yananitoka. Akaendelea kwa sauti ile ile ya kila siku: kwamba ngozi ya ndani ya kibofu ina chembe nene kama mito ya kitandani; kibofu kikiwa tupu zinarundikana, kikijaa zinanyooka na kuwa bapa, bila kuachiana mikono, bila kuvujisha hata tone. "Zinavutwa, zinavutwa, hazikatiki. Andika. Zinavutwa, hazikatiki." Niliandika. Mistari ile ya daftari imepinda kama njia ya mlevi, lakini imo yote. Kabla ya adhuhuri risasi zilihama, watu wakaanza kurudi wakitafutana viatu.

Siku ya tano alifungua. Alilowesha jani kwa maji yaliyochemshwa, akalibandua kwa ncha za vidole, na mimi nikatazama dari.

"Angalia hapa, we mwoga."

Visiwa vilikuwa pale. Vya rangi ya waridi, vimeshika. Alivihesabu kwa sauti, na waliokuwa kwenye benchi wakahesabu pamoja naye kama watu walio mpirani: moja, mbili, tatu, mpaka kumi na saba. Viwili tu vilikuwa vimekufa. Mzee wa mgongo akapiga makofi. Mama Muforoma akatoka uani akapiga kigelegele kimoja, kifupi, akarudi na sura ya kazi kama si yeye.

Baada ya hapo kila siku alinipa kioo niangalie mwenyewe. Kuzunguka kila kisiwa, na kuzunguka ukingo wote, kulitokea mstari mwembamba unaong'aa, kati ya nyeupe na buluu. Ndizo chembe zinazotembea, safu moja tu kwa unene, aliniambia. Aliuita lulu. Siku ambayo lulu ya kisiwa kimoja iligusa lulu ya kisiwa kingine niliandika daftarini, kwa fahari, na nikamwonyesha.

Alisoma. Akasoma tena. Akaanza kutikisika.

"Umeandika nini hapa?"

"Kidonda kinajifunga, Mama."

"Apana. Umeandika *kinajifungua*." Akawapelekea daftari wagonjwa wote, mmoja mmoja. "Kidonda ya Ndagala iko na mimba! Inajifungua! Tuite mukunga!" Walinicheka mpaka adhana. Lakini jioni, akinifunga kitambaa cha mwisho cha siku, alisema taratibu, "Haukukosea sana. Pale ukingoni, kweli wanazaa."

Nilipoanza kutembea nilipanda mpaka Gihosha kwa mguu, bila fimbo, kwa sababu tu kule ni juu. Nikasimama nikatazama mji na ziwa, nikakunja suruali upepo uuguse muundi wangu. Mtu aliyepita akaniuliza kama nina wazimu. Nikamwambia ndiyo. Kisha nikaondoka Bujumbura, kama kawaida yangu, na miaka ikapita.

Nilirudi mwaka ule watu walipopiga kura na vizuizi vya barabarani vikaanza kuondolewa. Nilikwenda Buyenzi moja kwa moja kutoka mpakani, kwa mguu. Benchi lilikuwa pale pale, na aliyelala juu yake alikuwa yeye.

Maji ya moto yalikuwa yamemwunguza mguu mmoja, juu ya vidole. Binti mmoja, mwanafunzi wake, ndiye aliyekuwa akimfunga kidonda, na binti alinilalamikia kabla hata sijasema jina langu: mama huyu hakai, anashuka, anakwenda kutazama sufuria, visiwa vyake vya kwanza vyote viliteleza, hivi ni vya pili. Nilimtazama Mama Muforoma. Macho yalikuwa na ukungu. Uso wake sasa ulikuwa rangi moja na mikono yake, kahawa tupu, na shingo imepata amani.

"Krema iliisha, Mama?"

Aliitafuta sauti yangu kichwani.

"Embargo," akasema. "Ndagala! We mushenzi. Uko na miguu mingapi?"

"Miwili, Mama."

Nje honi zikalia, nyingi, kwa mfululizo, na watu wakapiga kelele. Akainuka kwenye kiwiko, mguu mzima ukashuka chini. "Ni nini? Kuko nini kule?"

Ulikuwa msafara wa harusi. Nikaurudisha mguu wake juu ya benchi.

"Kiboko, Mama. Mukubwa sana. Nitaenda kumwona mimi, nikusimulie."

Alicheka mpaka binti akaogopa kwamba kitambaa kitatoka. Alipotulia alipapasa chini ya mto, akanipa kile kioo cha fundi saa. Mwenyewe hakuweza kukitumia tena. Binti akalowesha jani, akalibandua. Nikainama mpaka pua ikakaribia kugusa mguu wake. Sikuangalia katikati.

"Imelala?" akauliza. Sauti ilikuwa ndogo.

Nilizunguka ukingo wote kwanza, kama alivyonifundisha. Kisha visiwa, kimoja kimoja.

"Inatembea, Mama. Lulu pande zote. Viwili vya katikati vimeshagusana."

"Umeona vizuri?"

"Nimeona vizuri."

Akalala chali, akavuta pumzi ndefu, akanyoosha mkono kuelekea rafu. Daftari langu nililomwachia lilikuwa bado pale, jalada limeliwa na mende. "Andika," akasema.

Niliandika, nikamsomea kama nilivyoandika, herufi kwa herufi: kidonda cha Mama Muforoma kinajifungua.

"Mpaka leo haujui kuandika," akasema. Akapiga kigelegele, kifupi, kimoja, akiwa amelala, bila kuutikisa mguu.